Kinjeketile ni Mtoto wa 1969

Mwanafunzi wa Nassa, kule kando ya Ghuba ya Speke wilayani Busega, anapofunguliwa kwa mara ya kwanza tamthiliya ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, aghalabu hupokewa na mambo mawili. La kwanza ni somo fupi la historia: Wajerumani, Vita vya Maji Maji, 1905 hadi 1907. La pili ni orodha: dhamira, ujumbe, migogoro, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Akishayapata hayo mawili huhesabiwa kuwa ameijua tamthiliya. Hoja yangu ni kwamba bado hajaijua, na kwamba kilichoachwa nje ndicho hasa kingemwingiza ndani: wakati alioishi mtunzi mwenyewe. Kinjeketile inasimulia mambo ya 1905, lakini ilichapishwa na Oxford University Press mwaka 1969, na maswali yaliyomo ni ya miaka hiyo. Anayeisoma kama picha ya 1905 atapata habari ya vita iliyoshindwa. Anayeisoma kama kazi ya kijana wa Kilwa aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam katika miaka ya Azimio la Arusha, huyo ataiona tanzia.

Ili kuona mtunzi alifanya nini, lazima kwanza tujue aliiacha historia wapi. Mtu halisi alikuwa Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, katika nchi iliyo kati ya Mto Rufiji na vilima vya Umatumbi. Mwaka 1904 ilisemwa kwamba pepo aitwaye Hongo alimpanda, akavutwa majini, akazama, na kesho yake akatoka akiwa mkavu. Baada ya hapo watu wa makabila mbalimbali walimiminika Ngarambe kuchukua maji ya dawa ambayo, kwa imani yao, yangezigeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Kilichowasukuma hakikuwa pepo peke yake. Tangu 1902 serikali ya Gavana von Götzen ilikuwa ikifungua mashamba ya pamba ya pamoja chini ya maakida na majumbe, na kila mtu mzima alitakiwa kuyafanyia kazi siku 28 kwa mwaka, huku shamba lake la chakula likimea magugu. Mwishoni mwa Julai 1905 Wamatumbi wa Nandete waliingia katika shamba la pamba wakaing'oa miche. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile akanyongwa Mohoro. Yaani alikufa vita ikiwa na siku chache tu, kabla haijafika Mahenge wala Songea. Mapigano yaliendelea hadi 1907, Wajerumani wakachoma maghala na mazao, na njaa ikaua wengi kuliko bunduki. Wajerumani wenyewe walikisia vifo 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa, aliyekusanya masimulizi ya wazee wa Umatumbi, alikisia zaidi ya 250,000.

Sasa tazama alichofanya Hussein. Kinjeketile wake hanyongwi siku za mwanzo. Anaachwa hai ili aone. Anawaona watu wake wakienda vitani kabla hajawapa ruhusa, anasikia walivyokufa, kisha anakamatwa na kuteswa ili akiri kwamba maji yale yalikuwa uongo. Hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho mtu halisi wa Ngarambe aliweza kukipitia, kwa kuwa alikwisha kufa. Hussein alilijua hilo vizuri, na katika maelezo yake ya kitabu aliwatahadharisha wasomaji kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe wa fikra za mtunzi. Mwandishi anapompa marehemu siku ambazo historia haikumpa, anataka zitumike kwa jambo fulani. Mwalimu anayefundisha Vita vya Maji Maji kisha akaiita kazi hiyo utangulizi wa tamthiliya, anapapita mahali penyewe ambapo mtunzi ametia mkono wake.

Jambo gani, basi? Turudi Dar es Salaam ya miaka ile. Januari 1964 Mapinduzi yaliung'oa usultani Zanzibar, na Aprili mwaka huohuo ukaja Muungano. Februari 1967 likatangazwa Azimio la Arusha, Machi ikatoka Elimu ya Kujitegemea, na kabla mwaka haujaisha likatolewa andiko la Ujamaa Vijijini. Chuoni, idara ya historia chini ya Terence Ranger ilikuwa na shughuli moja kubwa: kuonyesha kwamba Mwafrika alikuwa na historia yake na alipigania uhuru wake muda mrefu kabla ya TANU. Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za Maji Maji, na mwaka 1968 wanafunzi walitumwa vijijini kusini kuwahoji wazee. Mwanahistoria Walter Rodney naye alifundisha hapo. Kwa hiyo Maji Maji haikuwa tu habari ya babu zetu. Ilikuwa hati ya kuzaliwa kwa taifa. Ukiuliza kwa nini makabila yale yaliungana 1905, ulikuwa unauliza pia kwa nini Tanzania iungane 1969. Hussein, mzaliwa wa Kilwa wa mwaka 1943, aliandika katikati ya shangwe hiyo. Angeweza kuandika tamthiliya ya kishujaa, yenye shujaa aliye thabiti, adui aliye mbaya na umoja usio na doa. Miaka hiyo hiyo mshairi Mathias Mnyampala alikuwa ameanzisha ngonjera za kulieneza Azimio, na katika ngonjera mwenye shaka huuliza, mwenye kujua hujibu, wakaafikiana. Hussein alikwenda njia nyingine. Alimtia shaka yule yule mwenye kujua.

Shaka hiyo ina mahali pake mahususi katika kitabu, na mwanafunzi aonyeshwe. Kinjeketile anapotoka majini na ujumbe wa Hongo, ujumbe una sehemu kadhaa: maji yatawalinda, waungane, wamfukuze Mjerumani, kisha watakuwa wana wa Seyyid Said. Watu wanashangilia. Yeye, akili ikishamrudia, anaishika ile sehemu ya mwisho na inamchoma. Wamtoe bwana mmoja ili wamrudie mwingine, tena wa biashara ya watumwa? Kama Hongo amesema hivyo, Hongo ni nani, na anamfanyia kazi nani? Kutoka hapo Kinjeketile hana tena uhakika na kitu ambacho kila mtu mwingine ana uhakika nacho. Masimulizi ya wazee nayo yanalitaja jina la Seyyid Said, hivyo Hussein hakulizua. Alilikuta, na kwa mtunzi hodari kulikuta jambo kama hilo ni bahati kubwa. Seyyid Said alikuwa amekufa tangu 1856. Mtazamaji wa 1969, mwenye Mapinduzi ya Zanzibar masikioni, hakuweza kulisikia jina lile bila kujiuliza: uhuru uliopatikana unatupeleka kwa nani? Mwanafunzi wa leo asiyeambiwa habari ya 1964 huupita mstari huo kama jina la zamani tu, na akishaupita, mwenendo wote wa Kinjeketile baada ya hapo humwonekea kama woga wa mzee.

Hapa ndipo tanzia ilipo. Maji ni uongo, na umoja ni kweli, lakini umoja umepatikana kwa sababu ya maji. Akisema ukweli kuhusu maji, makabila yatatawanyika na kurudi kwenye kutoaminiana ambako tamthiliya imetuonyesha mwanzoni. Akinyamaza, watu watakufa wakiamini wana kinga. Kinjeketile anajaribu njia ya katikati, anawaambia wangoje, na hapo anagundua kwamba alichowapa si chake tena. Wanakitumia bila yeye, hata dhidi yake. Mwishoni, gerezani pamoja na kiongozi mwenzake Kitunda, anatakiwa kukana ili mateso yaishe, naye anakataa. Hakatai kwa sababu anaamini maji. Anakataa kwa sababu akikana, Mjerumani atawaambia watoto kwamba wazee wao walipigana kwa upuuzi, na sababu halisi ya kupigana, yaani dhuluma, itazikwa pamoja na uongo. Mwanafunzi akiulizwa hapo kama Kinjeketile ni shujaa au mlaghai, hana budi kutapatapa kidogo kabla hajajibu. Kutapatapa huko ndiyo kazi ya tanzia, na hakuna orodha ya wahusika inayoweza kumpa.

Wapo watakaosema kwamba Rufiji ni mbali na Busega, na vita vyenyewe havikufika Usukuma. Ni kweli havikufika. Lakini pamba imefika. Simiyu ndio mkoa unaoongoza kwa pamba nchini, na mtoto wa Nassa au Bariadi hahitaji kuelezwa uzito wa palizi, unyunyiziaji na uchumaji, wala maana ya kungoja bei. Anajua pia kwamba msimu ukiisha mabua hung'olewa na kuchomwa, maotea yasibaki yakalisha wadudu, na bwana shamba ndiye anayelisimamia hilo. Mwambie kwamba kule Nandete kitendo hicho hicho cha kung'oa pamba kilikuwa tangazo la vita, naye ataielewa hasira ya onyesho la kwanza haraka kuliko mtoto wa Masaki, Dar es Salaam. Kuna zaidi. Katika Kanda ya Ziwa pamba ilikuja kuwa nguvu ya mkulima: miaka ya 1950, Paul Bomani na wenzake waliwaunganisha wakulima katika vyama vyao, na mwaka 1955 vikaundiwa muungano mmoja wa Victoria, ulioheshimika hata nje ya Tanganyika. Kufikia mwisho wa miaka ya 1960 serikali ilikuwa imekwisha kuuweka muungano huo mikononi mwake kwa kusema inaondoa ubadhirifu. Sisemi Hussein aliwaza habari za ushirika wa Usukuma alipoandika. Nasema swali lake, nani anayelishika jambo la watu likishakuwa kubwa kuliko walioanzisha, lilikuwa likiulizwa Nassa miaka ile ile kwa jembe na mizani.

Pingamizi lenye nguvu zaidi linatoka kwa walimu wenyewe: mtihani. Mtahiniwa haulizwi habari za Ranger wala za Mnyampala. Anaulizwa athibitishe kauli kwa hoja kadhaa kutoka tamthiliya mbili. Siwezi kumlaumu mwalimu mwenye darasa lililofurika na vitabu vichache akichagua njia iliyonyooka. Lakini njia hiyo si fupi kama inavyodhaniwa. Mwanafunzi aliyekariri kwamba dhamira ni umoja ataandika kwamba tamthiliya inahimiza umoja, na atakuwa amekosea nusu, maana tamthiliya inauliza pia umoja uliojengwa juu ya kisichothibitishwa una mwisho gani. Aliyeielewa miaka ya sitini ataandika zote mbili na kuzitolea ushahidi, tena bila kukariri. Vipindi viwili vya kueleza wakati wa mtunzi vinarudisha muda wake katika kila swali la maudhui. Isitoshe, ufunguo huo unafungua pia Kwenye Ukingo wa Thim, tamthiliya ya Hussein ya 1988 ambayo imekuwa ikisomwa kidato cha tano na cha sita, iliyotokana na kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno mjini Nairobi. Nako mtu mmoja, mjane, anasimama mbele ya jambo la wengi lisilomsikiliza.

Wengine watasema tanzia ya kweli ni ya Wagiriki na Shakespeare, na mwanafunzi aanzie huko ndipo aje kwa Hussein. Vitabu vipo: Mwalimu Nyerere aliifasiri Julius Caesar mwaka 1963, na Samuel Mushi akaifasiri Makbeth, kisha Mfalme Edipode ya Sophocles. Sina ugomvi na vitabu hivyo. Nina ugomvi na mpangilio. Wagiriki wenyewe walifanya kile kile alichofanya Hussein. Sophocles anasimulia tauni ya Thebe ya hekaya, lakini wasomi wengi wanaona tamthiliya hiyo ilichezwa miaka michache baada ya tauni ya kweli kuikumba Athens mwaka 430 kabla ya Kristo, na waliokaa kutazama walikuwa wamezika ndugu zao. Shakespeare aliandika mauaji ya Kaizari mwaka 1599, malkia wa Uingereza akiwa mzee asiye na mrithi, na kulizungumza wazi suala hilo kulikuwa hatari. Nyerere naye alichapisha tafsiri ya tamthiliya ya kuuawa kwa kiongozi akiwa rais wa nchi changa, na mwezi Januari 1964 jeshi lake likaasi. Kila mara tanzia huazima nguo za zamani kwa shughuli ya sasa. Mwanafunzi akijifunza hilo kwa Hussein, ambaye nyakati zake zote mbili ziko ndani ya nchi yake mwenyewe, atawaendea Sophocles na Shakespeare akiwa na swali mkononi. Akianza na Thebe, ambako hajui lolote la enzi inayosimuliwa wala la enzi ya mtunzi, atakariri.

Lipo na pingamizi la aibu. Baadhi ya walimu na wazazi huona vibaya kuwapa vijana kitabu chenye mganga, pepo na dawa ya risasi, hasa katika sehemu ambayo ukristo una mizizi mirefu: misheni ya Nassa ilikuwapo tangu karne ya 19, na mwaka 1909 Waanglikana waliikabidhi kwa African Inland Mission. Wengine huogopa darasa litacheka. Acha licheke dakika moja, kisha liulizwe: je, 1905 ilikuwa ya mwisho? Mwaka 1987 wafuasi wa Alice Lakwena wa Uganda walijipaka mafuta wakiamini risasi hazitawadhuru, wakasonga hadi karibu na Jinja kabla hawajashindwa. Mashariki ya Kongo wapiganaji wanaojiita Mai-Mai wamebeba imani hiyo hadi karne hii. Na hapa kwetu, sungusungu walipoenea Usukuma na Unyamwezi miaka ya 1980 kupambana na wezi wa mifugo, dawa na kiapo vilikuwa sehemu ya kilichowafanya wanavijiji waaminiane. Hayo hayafanani yote, wala mwalimu asiyafananishe ovyo. Yanaonyesha tu kwamba watu wanyonge wenye adui mwenye nguvu hutafuta kitu cha kuwaunganisha, na kitu hicho hakipimwi kwa maabara pekee. Hussein anampa heshima mwenye kuamini bila kumficha kwamba anakosea, na kufanya hivyo ni kugumu kuliko kuhubiri au kucheka.

Hofu ya mwisho ni ya wahakiki: kwamba kusoma kwa kufuata enzi ya mtunzi hugeuza kazi kuwa fumbo la kisiasa, ambapo kila mhusika ni mtu fulani aliyevaa kinyago. Hofu hiyo ina haki. Anayemtafuta Nyerere ndani ya Kinjeketile atampata, kisha atakuwa hana la kusoma tena. Enzi inatupa uzito wa maswali, haitupi majina ya kujaza. Hussein hakusema Azimio ni maji. Aliandika kabla ya watu wengi wa vijijini kuhamishwa kwa nguvu katika Operesheni Vijiji ya miaka ya sabini, kwa hiyo hakuna haja ya kumfanya mtabiri. Alichokiona ni kwamba neno likitolewa kwa umma lina maisha yake, na kwamba anayelitoa hawezi kuyapangia. Hilo laweza kusemwa kuhusu nabii, chama, mhubiri au mgombea, na kila kizazi kitachagua chake bila kusaidiwa.

Wala tusisingizie ukosefu wa jukwaa la kuichezea tamthiliya hii. Usukuma ni nchi ya mashindano ya ngoma. Wachezaji wa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu wamekuwa wakisimama uwanja mmoja msimu baada ya msimu, kila upande na manju wake na dawa zake za kuvuta watazamaji, na umati ukahukumu kwa miguu, kwa kuhamia upande unaovutia. Hiyo ni hadhira iliyozoea kuona kiongozi akibebwa na umati na kuachwa na umati. Uwanja wa shule wakati wa mavuno, mwezi Juni au Julai, unatosha kabisa.

Kwa hiyo ombi langu kwa walimu wa Kiswahili wa Nassa, Bariadi na kwingineko ni dogo. Wasianze na wasifu wa mtunzi wala tarehe za vita. Waanze na gereza: vijana wawili, mmoja Kinjeketile, mmoja Kitunda, wasome kwa sauti mbele ya wenzao kurasa za mwisho. Darasa lipige kura, akane au asikane. Wakishabishana, waelezwe habari za Seyyid Said, Mapinduzi na Azimio, kisha wapige kura tena. Orodha ya dhamira itangoja hadi kipindi cha tatu.